Ua Uliofagiwa

Chumbani kwa Ayorkor watu walilala wamepangana kama samaki wa kukaushwa. Mmoja akitaka kugeuka, aliwaomba ruhusa wenzake. Joto likizidi, nusu ya nyumba ile kongwe ya Accra ilihamia uani na mikeka. Uani ndiko alikopikia kenke zake za kuuza, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, ndiko watoto walikoogeshwa, ndiko wake wenza walikotukanana kwa nafasi. Na kila mtoto wa ukoo, siku ya nane alfajiri, alilazwa uchi kwenye udongo wa ua huo, maji yakarushwa juu ya paa yamdondokee, aijue mvua na ardhi. Asiyedondokewa, wazee husema, bado yuko njiani.

Basi ikaja habari kwamba watu wa ramani watapitisha kidege chenye kamera, waone msongamano unavyowatesa watu. Ayorkor akafanya alivyofundishwa na mama yake: mgeni hakuti uchafu. Alizima moto, akaficha masufuria, akaanua nguo, akakunja mikeka, akafukuza watoto pamoja na kuku. Akafagia mpaka ufagio ukabaki kishina.

"Mama, pumzika basi," alisema Selasi, binti wa ramani, kidege kikivuma juu yao kama nzi wa msibani.

"Nipumzike, wanione mchafu mpaka Ulaya?"

Selasi alicheka. Alikuwa na adabu zake. Muda ndio hakuwa nao. "Hapa uani mnafanya nini?"

Ayorkor akaanza: kenke, mikeka, watoto, ugomvi.

"Simu inataka neno moja, Mama."

"Basi andika tunaishi."

"Hilo halimo. Kuna makazi, biashara, choo, au wazi."

Selasi akautazama ua mtupu, akabonyeza "wazi".

Mvua zilipokwisha, Nii Okai, mkuu wa ukoo, alikuja na mjenzi aliyevaa viatu vyeupe. "Ramani inasema tuna nafasi wazi," alisema. "Jiji linataka watu wajenge kwenda juu."

"Nii, hapo ndipo ninapopikia."

"Mbona kwenye picha hakuna hata figa?"

"Nilifagia."

"Nani alikutuma?"

"Lakini ukoo haujaulizwa," alisema Ayorkor.

"Ukoo ni mimi. Wewe mwanamke umeolewa mara mbili, unadai ua wa nani?"

"Mara tatu, Nii. Umemsahau yule uliyekula mahari yake peke yako."

Watu walicheka. Nii naye alicheka, tena sana. Ghorofa likajengwa.

Likameza ua, likabakiza ujia wa kupita mtu ubavuubavu. Ayorkor akahamishia kenke ukingoni mwa mtaro wa barabarani. Askari wa jiji wakija, alikimbia na sufuria la moto kichwani, magoti yakimlaani.

Selasi alirudi kuuliza maisha yamebadilikaje.

"Nionyeshe kwanza ua wangu," alisema Ayorkor.

Ulikuwa humo simuni, mweupe, mistari ya ufagio ikionekana wazi.

"Nilifagia vizuri," alisema. "Unaweza kulifuta lile neno?"

"Ramani nilishaikabidhi, Mama. Siku hizi hainisikii hata mimi."

Kisha mjukuu wa Ayorkor akapata mtoto. Siku ya nane, alfajiri, wakamlaza kichanga ujiani, juu ya saruji. Nii Okai akarusha maji juu. Yakagonga ukuta wa ghorofa ya kwanza, yakamrudia usoni. Akarusha tena. Mtoto akalia kwa baridi. Hakuna aliyecheka.

Ndipo kwenye bomba la kiyoyozi cha mpangaji wa juu likadondoka tone moja, la rangi ya kutu, likamwangukia mtoto kifuani.

"Limehesabika?" mama yake aliuliza.

Nii akatazama juu. Mbingu haikuwapo, zilikuwapo chupi za wapangaji. Akamtazama Ayorkor.

"Tungoje la pili," alisema Ayorkor.

Wakangoja, mtoto akilia. Huko juu, mtu akazima kiyoyozi chake.