Breki za Lotiir

Gatwech alikuwa amechoka kabla Lotiir hajafika. Joto la Kakuma lilikuwa limeketi juu ya mabati ya gereji yake tangu asubuhi, na mgongo ulimuuma kwa kushinda chini ya magari ya watu. Alikuwa amejinyoosha juu ya gunia, spana bado mkononi, aliposikia Subaru ikinguruma nje na mtu akimsalimu kwa Kiturkana, "Fundi! Ejok!"

"Ejok-noi," akajibu bila kufungua macho.

Lotiir alikuwa dereva wa gari la kukodi, Mturkana wa Lodwar, na sifa yake ilikuwa mbio. Wenye haraka walimtafuta yeye: wafanyabiashara, wahubiri, wafiwa. Siku hiyo alifungua buti na kutoa sanduku zito. Ndani mlikuwa na diski mbili pana zilizotobolewa matundu, na kalipa nne nyekundu, zile koleo za chuma zinazobana diski ili gurudumu lisimame.

"Ya mashindano hii," Lotiir akasema. "Kuna jamaa Nairobi alikuwa anatoa kwa gari yake. Gurudumu ya mbele moja, kalipa mbili. Gari zote unajua ziko na moja. Sasa fundi, si itasimama mara mbili?"

Gatwech akaishika moja, akaigeuzageuza. Alikuwa amefanya ufundi tangu Malakal, kwao, kabla vita havijamleta kambi hii ya wakimbizi, na hakuwahi kugusa chuma kizuri namna ile. Tamaa ilimwingia, hakuificha. Kisha macho yake yakatua kwenye matairi ya Subaru. Yalikuwa vipara.

"Ndugu yangu, si ungenunua matairi?"

"Matairi itakuja. Kwanza breki."

"Basi tupime kwanza. Kabla sijafungua hata nati moja."

Wakatoka hadi nje ya mji, mahali barabara imenyooka na huonekana mbali. Lotiir alikuja mbio, akakanyaga breki alipofika kwenye mti mkavu waliokubaliana, na pale gari liliposimama Gatwech akaweka jiwe. Wakarudi gereji. Kazi ya kufunga ilimla siku nzima, maana kalipa ya pili haikuwa na mahali pake na ilimbidi achomelee kishikio. Kesho yake wakarudi palepale, mwendo uleule, mti uleule.

Magurudumu ya mbele yalikaba, yakaacha kuzunguka, yakapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, na gari likateleza likiacha michirizi miwili myeusi. Liliposimama lilikuwa limelipita jiwe kwa urefu wa mtu aliyelala.

Lotiir akashuka, akalitazama jiwe. "Leo barabara iko na mchanga."

Wakarudia. Mara hii lilisimama karibu sawa na jiwe. Wakarudia tena, likapita.

Gatwech alichuchumaa kando ya tairi lililokuwa linanuka mpira wa kuungua. Moyoni alikuwa ametumaini, tena sana, kwamba angekuwa amekosea. "Breki inashika gurudumu," akasema polepole. "Barabara inashikwa na tairi. Ukiongeza nguvu ya kubana, gurudumu linakaba mapema, basi. Ungekuwa unateremka mlima wa Kamatira na mzigo, unakanyaga unakanyaga, breki ya zamani ingepata moto na kulegea, na hii ingekusaidia. Lakini njia ya Lodwar na Kakuma, mteremko uko wapi?"

"Lakini umeona vile inauma?" Lotiir alikuwa ameng'aa uso. "Mguu inagusa tu, inauma! Ile ya zamani ilikuwa inalala."

Hilo lilikuwa kweli. Pedali ilikuwa kali, na mtu aliyeikanyaga alijiona ameshika gari lote kwa kidole cha mguu. Gatwech angeweza kusema, nazitoa sasa hivi. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, kazi ya jana ilikuwa imemchosha, na kubishana na Lotiir ni sawa na kuchota maji kwa pakacha.

"Khalas, basi," akasema. "Gari ni yako."

Wiki zikapita. Nyaluak, mke wa Gatwech, alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Adhuhuri moja alianza kuvuja damu, na wakunga wa kliniki wakasema apelekwe hospitali ya Lodwar mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani na mgonjwa mwingine. Gatwech akasimama kwenye geti la kliniki akitazama huku na huku, na gari la kwanza kutokea lilikuwa Subaru ya Lotiir.

"Ingiza mama," Lotiir akasema, asiulize zaidi.

Nyaluak akalazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe. Lotiir akaondoka kama risasi. Milima ya Pelekech ikabaki nyuma, na sindano ya mwendo ikapanda mpaka Gatwech akaacha kuitazama.

"Lotiir. Punguza kidogo."

"Mama anaumwa, fundi. Na breki iko."

"Breki tulipima!"

"Usiogope. Nikigusa, inashika."

Nyaluak akamkaza mumewe mkono. "Mwache," akanong'ona kwa Kinuer. "Afike tu."

Ngamia walikuwa wamejificha kwenye bonde la mto mkavu, na walipopanda lami walipanda wote pamoja, bila haraka, shingo zikiyumba. Lotiir akakanyaga. Breki zikauma kama alivyosema. Magurudumu yakakaba palepale, na kwa kuwa upepo ulikuwa umemwaga mchanga barabarani, gari likateleza mbele kama sabuni kwenye sakafu. Lotiir alikata usukani kulia, usukani haukusikia.

"Achia!" Gatwech akapiga kelele. "Achia breki!"

Lotiir akaachia. Magurudumu yakazunguka tena, gari likageuka, likapita nyuma ya mkia wa ngamia wa mwisho, likaruka ukingo wa barabara na kuzama mchangani hadi milangoni.

Injini ikazimika. Kisha Nyaluak akapumua kwa nguvu na kusema, "Bado niko."

Hakuna aliyeumia. Lakini gari halikutoka. Walichimba kwa mikono, wakaweka matawi chini ya magurudumu, wakasukuma, likazidi kuzama. Gatwech alimfunika mkewe uso kwa kitambaa kilicholowa, akamsikiliza akihesabu uchungu kwa lugha ya mama yake. Lotiir alisimama katikati ya barabara, mikono juu, amevua shati na kulipunga.

Aliyesimama ni mama mmoja wa Kalokol, Asekon, aliyekuwa anarudi Lodwar na lori baada ya kuuza samaki wakavu kambini. Hakuuliza nani alikosa. Alitandika magunia yake matupu nyuma, akapanda akakaa na Nyaluak, na akamwambia dereva wake aende polepole. Wakaenda polepole. Gatwech aliona kila jiwe la njia ile. Wakafika.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitolewa kwa upasuaji, mdogo, mkali wa sauti. Nyaluak aliongezewa damu, na jua lilipokaribia kuzama muuguzi akatoka kusema kwamba mama ameamka.

Lotiir aliwakuta hospitalini jioni hiyohiyo, miguu imejaa vumbi. Gari alikuwa ameliacha na mchungaji mmoja alilinde. Akakaa kwenye benchi kando ya Gatwech, akainamisha kichwa.

"Nilikanyaga nikijua itasimama," akasema.

"Najua."

"Hapana, sikia. Ile ya zamani ilikuwa inalala, na mimi nilikuwa najua inalala. Pale kwa bonde nilikuwa napunguza kila siku. Kila siku, fundi. Leo sikupunguza."

Gatwech alitaka kumwambia kwamba mikono iliyochomelea zile kalipa ilikuwa yake. Alitaka pia kumpiga. Lakini nguvu za kufanya lolote kati ya hayo hazikuwapo, na alipofungua mdomo kilichotoka ni: "Umekula?"

Lotiir akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akaenda kutafuta chai ya watu wawili.

Baada ya gari kuvutwa kutoka mchangani na wote kurudi Kakuma, Gatwech alizitoa zile kalipa na kurudisha breki za awali, akisaidiwa na Lotiir mwenyewe kushika taa. Matairi mapya yalifungwa siku hiyo. Tangu hapo abiria walianza kulalamika kwamba Lotiir anaendesha kama anayepeleka bibi harusi, na baadhi yao wakahamia kwa dereva mwingine. Aliwaacha waende.