Shahidi wa Muntasir

Mzee Muntasir alikata roho alfajiri, na rafiki yake Projestus, badala ya kukaa na wafiwa, akashika njia ya kambi ya jeshi.

Tandika yote ilimjua Muntasir kwa duka lake la mchele na unga. Akisema alipigana Vita vya Kagera, wateja walicheka: Mwarabu na bunduki, wapi na wapi? Nishani yake ya ushujaa walidhani ni ya mashindano ya mpira. Mtaa ule una midomo mingi na masikio machache. Projestus peke yake ndiye aliyejua, maana yeye ndiye aliyeachwa kwenye matope ya Mto Kagera, paja limepasuka, wenzake wameshavuka. Muntasir alirudi chini ya risasi, akambeba mgongoni mpaka ng'ambo. Juzi tu, hoi kitandani, alikuwa amemshika mkono.

"Mie nikifa, uwaambie. Basi."

Projestus aliapa. Lakini nani angemsikiliza yeye, mlinzi mstaafu anayechechemea? Alitaka waje askari na tarumbeta, watu wafunge midomo. Kwa hiyo alibeba nishani ile iwe ushahidi, akaacha simu getini kama alivyoamriwa, akaketi kwenye benchi. Alijua Waislamu hawalazi maiti. Alijidanganya kwamba shujaa hazikwi kimyakimya, lazima wangemngoja, kama kwao Bukoba maiti inavyomngoja ndugu aliye safarini. Ngojangoja huumiza matumbo, na la kwake liliuma tangu asubuhi. Jua lilipoanza kushuka, afisa mmoja alimwambia, "Kesho mzee, tutaangalia." Akashukuru, masikini, akarudi mbio na mguu wake mbovu.

Alikuta wanaume uani wakinawa udongo miguuni. Jawad, mtoto wa marehemu, aliinuka kumpokea.

"Shikamoo, baba mdogo. Tumekupigia mpaka tumechoka."

"Marahaba. Mmeshazika?"

"Baada ya alasiri. Shehe aliuliza pale makaburini, anayemjua marehemu aseme. Nikawaomba wasubiri, yupo mtu anakuja. Tukasubiri."

"Nani akasema?"

"Jirani hapo. Kasema mzee hakuwahi kupunja kwenye mizani."

Projestus alisimama katikati ya mkeka, akaitoa nishani mfukoni, akaanza kusema kwamba marehemu alikuwa askari, alikuwa shujaa, alimtoa mtoni. Sauti ilimkatika. Watu walimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mzee aliyechanganyikiwa kwa msiba.

"Kaa ule kwanza, mzee wangu," mmoja alisema, akamsogezea sinia la wali.

Akakaa. Alilia waziwazi, nishani mkononi, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Siku ile mtoni Muntasir hakungoja amri ya mtu yeyote. Alirudi tu.