Washenga Waliotoka Kwenye Kamusi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ofisini, nimekwama kwenye neno moja la Kiingereza, avow. Kazi yangu ni kufasiri kamusi kwenye kampuni ndogo ya vitabu hapa Tanga. Meza ya pili anakaa Saumu, msahihishaji wetu. Miaka mitatu nampenda, na miaka mitatu namwambia "habari za asubuhi" tu. Alhamisi ijayo kuna mtu wa Korogwe anakuja kumposa. Hilo halikuwa ndoto, ni kweli, na linaniuma.

Basi naandika maana: kusema waziwazi yaliyo moyoni. Neno linanyanyuka kwenye karatasi, linajipangusa wino na kunitazama.

"Umewahi kufanya hilo hata siku moja?"

"Bado."

"Sasa utanifasiri vipi? Haya, waite ndugu zangu wa maana moja. Kwenye kamusi, ndugu mmoja hushika nafasi ya mwingine."

Nikafurahi, maana kwetu mwenye kuposa hajisemei. Hapo hapo nimepata washenga wa bure. Kabla sijaweka kalamu chini, ofisi imekuwa sebule ya kina Saumu. Baba yake, Mzee Mbwana, ameketi mkekani na wajomba wawili, na kahawa imeshamiminwa.

"Mshenga wenu yuko wapi?" anauliza.

Anaingia Kukiri, mikono juu, kavaa nguo za mahabusu. "Waheshimiwa, ni kweli kijana huyu alipenda, tarehe sita Machi, saa nne asubuhi. Anaomba apunguziwe adhabu."

"Kwani kapenda au kaiba?" anauliza mjomba mmoja. Kukiri anatolewa nje.

Anaingia Kuungama kwa magoti, machozi yanamtoka. Ananiuliza kama najuta. Namwambia sijuti hata kidogo. Anapangusa macho, anakunywa kahawa yangu, anakwenda zake.

Kutangaza haingii kabisa. Yuko barabarani juu ya gari lenye spika mbili. "Wananchi wa mtaa huu! Kombo anampenda Saumu! Pia kesho maji yatakatika kuanzia saa mbili!" Majirani wanakimbilia ndoo.

Mzee Mbwana anaweka kikombe chini. "Kijana, hii ni posa au mkutano wa hadhara?"

Naligeukia neno langu. Limekaa kwenye ukingo wa sinia, linachezesha miguu.

"Ndugu ni ndugu," linasema, "lakini kila mtu na tabia yake. Hakuna aliye mimi hasa. Sema mwenyewe."

"Mbele ya wazee? Nitaonekana sina adabu."

"Ndiyo, utaonekana."

"Na ufanye haraka," kinasema kikombe cha mzee, "mimi napoa."

Saumu anatokeza nyuma ya pazia, kalamu nyekundu mkononi, ananitazama kama anavyotazama sentensi isiyokwisha. Nasimama.

"Shikamoo, mzee. Mimi Kombo Hatibu nampenda Saumu. Niliogopa kumwambia, na bado naogopa. Lakini nampenda, na ninasema mwenyewe."

Hapo shangazi yake, Bi Mwanjaa, anapiga vigelegele kutoka jikoni, sufuria zinamwitikia, na hata wajomba wanapiga makofi. Nikasikia furaha mpaka kwenye vidole vya miguu. Sijawahi kuwa mwepesi namna ile.

"Huna adabu kabisa," anasema Mzee Mbwana, na anaficha tabasamu ndani ya kikombe.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani, na simu inatetemeka kitandani. Ujumbe wa Saumu, ambaye hajawahi kuniandikia ila kuhusu alama za mkato.

"Kaka Kombo, nimekubali. Yule wa Korogwe nimemwambia asije. Baba anasema Jumapili urudi, ila safari hii mshenga mmoja anatosha."