Fundo Lisilofika

Kila asubuhi, kabla ya kumhamishia mjukuu wake kwenye kiti cha magurudumu, Mokami alimfunga mapaja pamoja kwa kipande cha kitenge cha kijani, miguu isitanuke. Nchagwa alikuwa na miaka thelathini na mbili. Tangu udongo wa shimo la dhahabu kule Nyakunguru umwangukie mgongoni, hakuwa na habari na chochote chini ya kitovu.

Alhamisi ile fundo halikufika; ncha za kitenge hazikukutana.

"Mume wangu, umenenepa." Alimwita hivyo kwa sababu mjukuu alirithi jina la marehemu babu yake.

"Ni mguu wa kushoto tu, mke wangu. Umeota kitambi kabla yangu."

Wakacheka. Kuvimba hakukuwa kugeni: akikaa kutwa miguu yote miwili hujaa, akilala imeinuliwa juu ya mto hunywea. Lakini huu ulikuwa mmoja, tena asubuhi. Mokami aliliona hilo, akaliacha lipite, maana Machage, fundi wa mifupa, alisema ni damu imelala, iamshwe. Akawaachia samli ya ng'ombe iliyosagiwa pilipili.

"Kanda kwa nguvu. Usimwonee huruma, si hasikii?"

Akakanda siku tatu, akimwimbia, mpaka ngozi ikaiva na kuwa ya moto. Uvimbe ukabaki palepale. Jumatatu wakaenda hospitali mjini.

"Shikamoo bibi," alisema Daktari Theodora.

"Marahaba, mwanangu."

Daktari alipima miguu yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani, akaukunja wa kushoto kwenye nyonga kuona kama kuna mfupa unaoota pasipostahili. Akawapeleka kupiga picha, kwa sababu mtu asiyesikia maumivu huvunjika asijue. Mfupa ulikuwa mzima. Akaigusa ngozi.

"Ina moto. Inaelekea wadudu wameingia chini ya ngozi. Mmepaka kitu chochote?"

Mokami alikumbuka jinsi jirani yake Winfrida alivyofokewa hapo hospitalini mbele ya foleni kwa sababu ya dawa za mizizi: "Mnaharibu wenyewe, halafu mnatuletea!"

"Hapana. Maji tu."

Nchagwa alimtazama bibi yake.

Waliandikiwa dawa za kumeza nyumbani. Wakiwa kwenye dirisha la dawa wakisubiri, Nchagwa alishika kifua. "Mke wangu, mbona nahema kama napanda mlima, na nimekaa?"

Mokami aliipita foleni yote, akimsukuma mpaka kwa daktari. Mtu akapiga kelele, "Bibi, na sisi ni wagonjwa!" Hakugeuka.

"Nimekudanganya," alimwambia daktari. "Nilimkanda, kwa samli na pilipili."

"Uvimbe ulianza lini? Na huo moto?"

"Uvimbe Alhamisi, ngozi ikiwa safi. Moto umekuja na mikono yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi si ngozi."

Akamsukuma Nchagwa mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kuangalia mishipa. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa paja, na kwa jinsi alivyohema, kipande kilikuwa kimeshakatika kwenda mapafuni. Wakamchoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, wakamwekea oksijeni.

"Ni kukanda kwangu?"

"Huenda kingekatika chenyewe, bibi. Lakini asikandwe tena."

Jumanne, wodini, Nchagwa aliondoa kifuniko cha oksijeni mdomoni. "Mke wangu, niwekee mkono mguuni."

"Wamekataza."

"Wamekataza kukanda. Weka tu. Sitausikia, ila nitauona."

Mokami aliikalia mikono yake. "Kesho, ukipata nafuu."

Jumatano saa nne asubuhi hapakuwa tena na wa kupata nafuu.

Muuguzi akaja na bandeji ya kumfunga miguu, kama wafungwavyo marehemu wote. Mokami akasema ana kitambaa chake. Aliweka mkono wa kushoto juu ya paja, akauacha hapo muda mrefu, muuguzi akisubiri. Kisha akapitisha kitenge, akavuta ncha mbili.

Fundo halikufika.

"Nipe hiyo bandeji, mwanangu," alisema.