Niliitwa Saa Sita Mchana

Ukiniita ukiwa Shela nami niko Mkomani kwetu, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, nitaitika kabla hujafunga mdomo. Masikio yangu mimi, Nusra binti Yunusi, ni ya popo, na moyo wangu ni wa jiwe la Manda. Jini akitaka aje, tutagawana halua, na kipande kikubwa nitachukua mimi.

Hayo ndiyo niliyowaambia wenzangu wa kundi la skauti siku Mwalimu Kirimi alipobandika tangazo la Japani mlangoni mwa darasa. Kambi ya kimataifa, mwezi wa Agosti, na skauti kutoka nchi ambazo hata mwalimu wetu wa jiografia angezitafuta kwa kidole. Kundi letu lilipewa nafasi mbili, mvulana mmoja na msichana mmoja. Mvulana alishapatikana, Ubaid, kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kuwasha moto kuni zikiwa mbichi. Wasichana tulibaki wawili: mimi na Radhiya wa Shela, rafiki yangu tangu chekechea.

"Atakwenda Radhiya," Ubaid akasema. "Wewe Nusra utawachekesha Wajapani mpaka ardhi itetemeke."

"Afadhali itetemeke kwa kicheko changu kuliko kwa soksi zako."

Radhiya alicheka pia. Yeye hakuwa na maneno mengi, alikuwa na daftari. Alijifunza Kijapani kwenye simu na kila neno akaliandika kwa wino wa kijani.

"Kule ukiitwa jina huitika 'hai'," alitufundisha.

"Hata aliyekufa?" nikauliza.

Mwalimu Kirimi ni mtu wa Meru, anafundisha fizikia, na mwaka ule kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: tetemeko la ardhi. Kila Jumanne na Alhamisi alipuliza filimbi, nasi tukajitupa chini ya madawati, tukashika miguu ya dawati na kuhesabu hadi sitini, kisha tukatoka uani kuitwa majina. Wachuuzi wa nje walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama tunatafuta sindano.

"Skauti akiitwa huitika mara ya kwanza!" Mwalimu alipiga kelele. "Asiyeitika huandikwa amepotea. Watu watarudi kwenye kifusi kumtafuta, wahatarishe roho zao, na kumbe mtu yuko nyuma ya choo anakula maembe mabichi. Sawasawa, Nusra?"

"Sawasawa, Mwalimu. Ila yalikuwa na pilipili."

Nyumbani kwetu sheria ilikuwa nyingine. Bibi Mardhiya, mama yake baba, aliyenilea, alinikanya tangu nilipoanza kutumwa dukani. "Jua likiwa utosini, ukiwa ndiani ukasikia waitwa, usiitike. Subiri ya tatu. Hao wenyewe hawaiti mara ya tatu." Bibi hawataji majini kwa jina. Husema "wenyewe", kama mtu anavyosema wenye nyumba.

"Na Mwalimu asema tuitike ya kwanza, Bibi."

"Mwalimu kwao Meru. Wenyewe wa huko sijui adabu zao."

Nililipeleka jibu hilo shuleni mzimamzima, na sauti ya Bibi juu yake, na mkono kiunoni. Kundi zima lilicheka. Ubaid alianguka kwenye benchi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Juni. Mwalimu alituvusha kwa boti hadi kisiwa cha Manda, kwenye magofu ya mji ambao watu wake walihama kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Msikiti hauna paa, nyumba zimebaki kuta, na miiba imeingia vyumbani ikakaa kama mgeni asiyeaga. Mimi na Radhiya tulipewa kila mmoja ramani na dira. Tulitakiwa tufike vituoni peke yetu, tukae saa nzima kama watu waliokwama baada ya tetemeko. Saa ikiisha wenzetu wangekuja kutoka ufukweni wakituita. Atakayeitika upesi na kueleza wazi alipo, huyo ndiye wa Japani.

Kituo changu kilikuwa msikitini. Cha Radhiya kilikuwa ndani ya nyumba moja nyuma ya kuta mbili, kama hatua sitini kutoka kwangu. Hatukuweza kuonana.

"Ukiogopa niite," nilimwambia tulipoachana.

"Wewe je?"

"Mimi nikiogopa nitaita polisi."

Nikakaa. Saa yangu ilisema sita kasoro dakika tano. Kivuli changu kilikuwa kikirudi taratibu chini ya miguu, na kilipokaribia kwisha nikahisi kama nimeachwa. Mijusi iliyokuwa ikikimbizana ukutani ikasimama. Mchanga wa mbele ya kibla ulikuwa laini, hauna jani wala alama ya unyayo, kama kwamba kuna mtu aliyefagia sasa hivi na yuko nyuma ya ukuta anarudisha fagio. Nilijifanyia mzaha kwa sauti. Sauti ilikwenda ukutani ikanirudia nzito, ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuona cha kucheka.

Kisha kikaja kishindo, kitu kizito kikianguka, na vumbi jeupe likapanda juu ya kuta. Halafu kimya.

"Nusra."

Haikuwa sauti ya Radhiya. Naapa haikuwa. Ilikuwa nene, ya chini kwa chini, kama inatoka kwenye kinywa kilichojaa udongo.

Nilifungua mdomo niitike. Ulimi ukakataa. Nikamkumbuka Bibi, safari hii bila mkono kiunoni.

"Nusraaa..."

Hiyo ilikuwa ya pili. Ilivutwa, na mwishoni ilikuwa na mlio kama wa mnyama. Nikainama kichwa kati ya magoti, nikaziba masikio kwa viganja viwili kwa nguvu zangu zote, nikasoma Ayatul Kursi, nikaivuruga, nikaanza upya, nikaivuruga tena. Nikasubiri ya tatu.

Haikuja.

Nilipoinua uso filimbi ilikuwa ikilia na wenzangu wanaita. Niliitika mara ya kwanza, kwa sauti safi, nikaeleza nilipo. Radhiya hakuitika.

Tulimkuta amekimbilia kivuli cha ukuta, na ukuta ukamwangukia. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya jiwe. Uso ulikuwa mweupe wa chokaa, macho yamefumba, na Mwalimu alipomgeuza kichwa, kinywani mlitoka chokaa iliyolowa. Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni vichakani alikuja mbio na gogo, tukalichomeka chini ya jiwe, tukaliinua. Ubaid alikuwa akilia waziwazi.

Ndani ya boti ya kurudi kisiwani kwetu Amu, kichwa cha Radhiya kikiwa mapajani mwangu, Mwalimu aliniuliza. "Nusra, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Hukusikia kitu?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema nimesikia, ingenibidi niseme na kwa nini sikuitika. Na asiyeitika haendi Japani.

"Sikusikia kitu, Mwalimu. Upepo."

Hapakuwa na upepo. Sote tulikuwa tumelowa jasho. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akarudi kumpepea Radhiya kwa ramani.

Daktari alisema mguu umebanwa muda mrefu mno. Laiti angetolewa mapema. Utapona, alisema, lakini hautakuwa ule. Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona. Radhiya alikuwa amelala mguu juu, plasta hadi pajani, midomo imepasuka.

"Nilikuita," aliniambia. "Lakini nafikiri sauti haikutoka. Kinywa kilijaa. Sijui hata niliita mara ngapi. Au labda niliota tu, Nusra?"

"Uliota," nikasema.

Nafasi ikawa yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuitwa.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa mpiga picha za pasipoti. Aliniambia nisitabasamu, na kwa mara ya kwanza maishani haikuwa kazi. Akainua kamera. Nyuma ya pazia jeupe la picha, karibu na shingo yangu, ile sauti ikasema: "Nusra." Kisha: "Nusraaa..." Alinipiga picha tatu, na katika zote tatu macho yangu yamekwenda pembeni.

"Nyuma yako hapana mtu, dada," alisema kwa hasira.

Ikanifuata shuleni. Nikiwa chini ya dawati, nahesabu hadi sitini, iliniita kutoka ndani ya sakafu. Ikanifuata kwenye vichochoro vya Mkomani mchana kweupe, watu wakipita, redio zikilia. Siku moja niliamua kuitika. Iliposema tu, nikapaza: "Naam! Nipo! Nipo hapa!" Mzee mmoja akasimama na punda wake.

"Nimemwita punda, binti yangu."

Watu walicheka. Zamani hadithi hiyo ningeila wiki nzima. Nilirudi nyumbani nikishika ukuta.

Iliita mara mbili, daima mbili. Baada ya ya pili nilizuia pumzi nikisubiri. Nikawa nasubiri kwenye mswaki, kwenye chai, kwenye sala, rakaa zikinipotea. Haikuwahi kumaliza.

Bibi alikuwa akichambua mchele aliponiuliza bila kuinua macho.

"Nani akuitaye?"

"Hapana mtu, Bibi."

"Kule magofuni uliitwa?"

"Mara mbili."

"Ukaitika?"

"Sikuitika."

Aliokota chuya moja, akaitupa. "Wenyewe usipowaitika huenda zao, mwanangu. Hawana shida nawe tena. Basi huyu akuandamaye ni nani?"

Niliinuka nikaenda kuangalia kama nguo zimekauka. Hatukuwa tumeanika nguo.

Siku mbili kabla ya safari, kundi lilikwenda Shela kwa kina Radhiya. Yeye hakuweza kutembea hadi gatini kuniaga, kwa hiyo kuaga kulimfuata. Alikuwa barazani na mikongojo yake. Mama yake, Bi Kulthum, alitupatia maji ya ukwaju na mikate ya sinia. Mwalimu Kirimi alitoa hotuba fupi kuhusu kuwakilisha nchi. Radhiya akaniwekea daftari lake mapajani, lile la wino wa kijani.

"Nenda nalo. Kurasa za mwisho nimekuandikia majibu ya maswali watakayokuuliza. Nimeyafanya mafupi maana nakujua, utaongeza yako."

"Nitawaambia wewe ndiye mwalimu wangu," nikasema. Ilikuwa imeshaniita mara mbili tangu niingie.

"Hodi hapa! Naulizia kwa yule msichana wa mguu."

Aliingia mama mmoja amejifunga leso kiunoni, mkononi kikapu cha mapapai. Ni yule wa kuni. Alisema jina lake ni Nyaguthii, anapasua kokoto kwenye machimbo ya Maweni, kulekule Manda. Bi Kulthum alimshika mikono yote miwili.

"Karibu, mama, karibu ukae. Wewe ndiye uliyekuja na gogo. Mungu akulipe."

Nyaguthii hakukaa. Alimtazama Radhiya, akaitazama mikongojo. "Usinishukuru, mama. Mimi nimekuja kuomba msamaha. Nimekosa usingizi kwa hii maneno."

"Msamaha wa nini?"

"Nilimsikia huyu mtoto akiita. Nilikuwa kule kwa miti. Ningekimbia saa hiyohiyo. Lakini nikaona yule mwenzake..." Macho yake yakapita kwa Ubaid, yakapita kwa Mwalimu, yakanifikia. "Si ni wewe? Ndiyo, ni wewe. Ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Nikakuona kwa ile pengo ya ukuta ya msikiti, umeinama, umeshika masikio hivi." Akaweka kikapu chini, akainama, akaziba masikio kwa viganja viwili, viwiko nje. Alinifanya sawasawa. "Nikasema, kumbe ni mchezo wa hawa watoto wa skafu. Mmoja anaita, mwingine anajifanya hasikii. Nikaendelea na kuni zangu. Haki, nilidhani ni mchezo."

Ubaid alitoa kicheko kidogo, kisha akanitazama, akisubiri niseme kitu cha kuchekesha.

"Aliita mara ngapi?" Mwalimu akauliza taratibu.

"Tatu. Hiyo ya tatu ilikuwa kubwa, hata ndege waliruka. Lakini huyu alikuwa ameziba kabisa."

"Mama, labda umenifananisha," nikaanza. "Sisi na hizi sare zetu tunafanana kama..."

"Nikufananishe na nani? Ulikuwa peke yako."

Bi Kulthum alikuwa ameshika jagi la ukwaju, haliweki chini wala hamimini. Radhiya hakumtazama Nyaguthii, wala Mwalimu. Alikuwa akiitazama mikono yangu juu ya daftari lake.

"Uliniambia niliota," akasema.