Dume wa Onyango

Kaka yangu Onyango aliondoka nyumbani baada ya Pasaka akiwa mzima. Agosti ya mwaka huo, 1967, akarudi kwenye lori, ndani ya jeneza. Malaria ya siku nne tu, huko Migori. Kando ya jeneza ilifungwa pikipiki yake kwa kamba ya katani. Mimi niliiona pikipiki kwanza, nikatabasamu. Tabasamu hilo linanichoma hadi leo.

Ilikuwa Honda CB77, nyeusi, yenye tangi la mbavu za fedha. Onyango alimuuza dume wake wa pekee, Rateng', yaani Mweusi, ili ainunue kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Baba hakumsamehe. Hakuzungumza naye zaidi ya salamu, na kila pikipiki ilipoingia uani aligeuka akatazama ukuta.

Nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu, Onyango alinifundisha kuiendesha ufuoni, nje kidogo ya Homa Bay, asubuhi kabla watu hawajaanza kupita. Alinisimulia jinsi Japani ilivyokuwa baada ya vita, petroli haipatikani, na fundi mmoja aitwaye Honda akachukua injini ndogo za mitambo ya redio ya jeshi akazifunga kwenye baiskeli.

"Sasa itazame, Awino," alisema akiipapasa. "Silinda mbili. Gia nne. Waingereza waliwacheka Wajapani mpaka walipoanza kuachwa nyuma kwenye mashindano."

Baada ya mazishi ilibaki tero buru. Kwetu Wajaluo, mwanamume aliyeoa akizikwa, madume huswagwa kwa kelele hadi mtoni ili kifo kitoke nyumbani. Dume wa marehemu hutangulia.

"Na Onyango atatanguliwa na dume gani?" aliuliza binamu yetu Jared, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ama tumtafutie mbuzi?"

Watu walicheka. Siku ya mazishi yake, walicheka. Wifi yangu Phelesia alijifunika uso kwa leso. Nilijua kicheko kile kingewafuata watoto wake hadi wawe wakubwa.

Baba akainuka. "Dume wake yule pale," akasema, akiielekeza fimbo kwenye Honda. "Iwasheni."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wengine pia walitazamana.

Wangwe, Mkuria aliyefanya kazi na kaka huko Migori, ndiye pekee aliyejulikana kuwa dereva wa pikipiki. Serikali ilikuwa imempa moja ya Kiingereza. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya, betri ilikuwa imeisha. Akakanyaga kiki kwenda nyuma kama alivyozoea. Haikusogea. Akakanyaga tena na tena, jasho likimtiririka.

"Imekwama, Mzee," alisema hatimaye. "Nafikiri imekufa na mwenyewe."

"Hata mbuzi angetembea!" Jared akapaza sauti, akachukua kamba aivute pembeni.

Mimi nilijua. Kiki ya Honda ile haikanyagwi kwenda nyuma, husukumwa mbele. Lakini walikuwepo wanaume zaidi ya hamsini na mikuki yao, nami niliogopa hata kusoma kwa sauti darasani. Kisha nikaona Jared akiitupia kamba shingoni, kama mzoga.

Sikumbuki nilivyofika pale. Niliinama nikashika bomba la petroli chini ya tangi. Lilikuwa limefungwa. Onyango alilifunga kila alipoegesha. Mkono wa mwisho kuligusa ulikuwa wake.

Nikalifungua. Nikasukuma kiki mbele. Ikakohoa. Nikasukuma tena.

Ilinguruma! Madume wakainua mikia wakatimka kuelekea mtoni. Jared akaangusha kamba.

"Wangwe, chukua," nikasema.

Akatazama pedali, akarudi nyuma. "Hapana, dada. Yangu gia iko mguu wa kulia, na hii iko kushoto. Nitaitia mtaroni mbele ya baba yako."

Watu walicheka tena, lakini kicheko hiki hakikuwa kile cha kwanza.

Hapo Baba akaja. Akakunja koti, akapandisha mguu, akaketi nyuma yangu. Baba, ambaye hakuwahi hata kuigusa! Kwetu baba hamshiki kiunoni binti yake mkubwa, kwa hiyo alishika mkanda wa kiti.

"Polepole, Baba?"

"Endesha, nyathina," akasema. Endesha, mwanangu.

Tulipotoka langoni aliinua fimbo. Sikuwahi kuisikia sauti ile kutoka kwake.

"Rateng'! Rateng'! Dume wa Onyango!"

Wanaume wakaitikia nyuma yetu, wakikimbia kwenye vumbi. Sauti ya Jared ilikuwa miongoni mwao.

Mtoni madume walikuwa wamekwisha kuingia majini. Baba hakushuka. Mkono mmoja ulikuwa bado kwenye mkanda. Wa pili uliacha fimbo ukanishika begani, na sikuthubutu kuzima injini, asije akauondoa.