Kapteni Naisula Alivyotuvusha Magadini

Mimi ni ngiri wa Mbulumbulu, Karatu, na nilikuwa dereva wa kifaru cha vita cha Kapteni Naisula. Naandika kwa sababu upepo umeshafuta nyayo zake, na walioziona ni wawili tu: mimi na Senteu, nyegere aliyekuwa mpiga mzinga wetu.

Kapteni alikuwa punda wa Piyaya. Kabla ya jeshi alibeba nyumba za watu mgongoni, maboma ya wafugaji yalipohama.

Asubuhi ile wenzetu thelathini walikuwa wamezingirwa na fisi kisimani, ng'ambo ya jangwa la magadi. Walituambia kwenye redio kwamba saa sita watakuwa wameishiwa risasi. Ilikuwa saa nne. Kuzunguka jangwa kulihitaji mwendo wa saa tano. Kukatiza, saa moja. Ila chini ya ganda jeupe kuna tope, na lilishameza vifaru viwili.

"Tuzunguke, afande," nilisema.

"Tutakuta mizoga, Josephati."

Akafungua mlango wa juu, akashuka.

"Afande, unakwenda wapi?" Senteu alipiga kelele.

"Kwetu boma likihama, punda jike mzee hutangulia. Hashikwi kamba. Nyie pitieni nilipokanyaga."

"Na fisi wakikuona?"

"Wataona punda. Si wamewala wengi?"

Senteu akanigeukia. "Wewe usije ukakimbia na mkia juu."

"Lamba asali yako huko," nikamjibu.

Kapteni alipiga ukwato chini, akasikiliza, akasogea hatua moja. Palipoitika kwa sauti nzito alipakwepa. Nilimfuata polepole, macho kwenye kwato zake.

Katikati ya jangwa risasi zikaanza. Hakukimbia. Punda akikimbia hasikii ardhi. Ya tatu ilimpata begani. Akachechemea, akaendelea kupiga ukwato na kusikiliza vilevile, mpaka tukagusa mchanga mgumu. Hapo akasogea pembeni, asituzibie njia, ndipo akalala.

"Nendeni," alisema.

Senteu alipiga makombora manne. Fisi wakatawanyika. Wote thelathini walikuwa hai.

Tuliporudi, Kapteni alikuwa amekata roho, masikio yameelekea kisimani.

Siku hizi kikosi kikihama, hakuna anayekaa mbele ya kifaru changu. Wale thelathini hupanga mstari nyuma. Tunaacha nafasi ya punda mmoja, ndipo nawasha injini.